Anaponyamaza Baada ya Upasuaji

Mwezi huu tunajibu barua moja tu. Imetugusa, na tunajua kwamba wengi wenu mmewahi kukikalia kile kiti cha wodini alichokikalia mama aliyetuandikia.

Anasema mwanawe wa kiume, akiwa na umri wa miaka minne, alifanyiwa upasuaji wa ngiri. Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Lakini usiku ule mtoto alilia hadi sauti ikamkauka. Mama alipomwendea muuguzi wa zamu aliambiwa kwamba sindano ya mchana inatosha, kwamba watoto husahau upesi, na kwamba akimbembeleza mno atamdekeza. Alfajiri mtoto akanyamaza. Alilala chali bila kujigeuza, macho wazi, magoti ameyakaza, na hakutaka hata kumtazama mama yake. Muuguzi alipita, akasema, "Unaona? Sasa hana shida."

Sasa dada yake, mwenye miaka sita, ameandikiwa kutolewa tonsili. Mama anatuuliza mambo mawili. Je, ni kweli kwamba watoto hawasikii maumivu kama sisi? Na akiomba dawa, ataonekana mama msumbufu?

Tuanze kwa kukiri. Na sisi tuliyasema maneno kama hayo. Tumewaambia watoto wetu "jikaze" wakati kidonda kibichi, tukamsifu aliyenyamaza na kumwonea haya aliyelia mbele ya wageni. Hatukuwa wakatili, tuliyapokea kwa mama zetu, nao waliyapokea kwa mama zao. Kwa hiyo hatumnyoshei kidole muuguzi yule, ambaye huenda usiku ule alikuwa peke yake na wagonjwa arobaini. Hata hivyo aliyomwambia mama huyu si kweli, na wa kwanza kuonyesha kwamba si kweli walikuwamo wauguzi wenzake.

Katika miaka ya 1970 muuguzi mmoja wa Marekani, Jo Eland, wa Chuo Kikuu cha Iowa, alifanya jambo ambalo halikuhitaji mashine yoyote. Alifungua mafaili ya watoto 25 waliofanyiwa upasuaji, wenye umri wa miaka minne hadi minane, akahesabu dawa za maumivu walizopewa. Watoto 13 hawakupewa hata dozi moja kwa muda wote waliokuwa hospitalini. Wale 12 waliobaki walipewa dozi 24 kwa jumla. Kisha akatafuta watu wazima 18 wenye magonjwa kama yale yale, akahesabu na zao. Watu wazima hao walikuwa wamepewa dozi 372 za dawa kali za maumivu na dozi 299 za dawa za kawaida. Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 1977, na mpaka leo ukiisoma unashika kichwa. Kumbuka kwamba hospitali zile hazikupungukiwa na dawa. Kabati lilikuwa limejaa.

Kwa nini basi hawakupewa? Sababu zilikuwa zile zile alizoambiwa mama yetu: mishipa ya fahamu ya mtoto bado haijakomaa, mtoto husahau, dawa kali itamzoeza au itamkata pumzi. Tena kulikuwa na sababu nyingine ambayo sisi akina mama tunaijua vizuri. Mtoto akiulizwa, "Unaumwa?" hujibu, "Hapana." Eland aligundua kwamba kwa watoto wengi wa hospitalini kitu kilichouma kuliko vyote ni sindano. Sasa fikiri kama mtoto: nesi amesimama na trei, anauliza kama unaumwa, nawe unajua ukisema ndiyo utachomwa. Utasema nini?

Kuhusu mishipa isiyokomaa, jibu lilipatikana Oxford, Uingereza. Mwaka 1987 Daktari K. J. S. Anand na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao kwa watoto njiti waliofanyiwa upasuaji wa mshipa ulio karibu na moyo. Siku hizo watoto wadogo namna hiyo mara nyingi walipewa gesi nyepesi na dawa ya kulegeza misuli tu, wasitikisike. Waliopewa pia dawa kali ya maumivu, miili yao ilitulia, na matatizo yaliyofuata upasuaji yalikuwa machache. Wale ambao hawakupewa, damu yao ilijaa homoni za mwili uliotaharuki. Mtoto ambaye hata wiki zake za tumboni hazijatimia alikuwa anasikia, na mwili wake ulikuwa ukigharimika kwa kusikia huko.

Na kusahau je? Mwaka 1997, huko Toronto, Kanada, Anna Taddio na wenzake waliwatazama wavulana 87 wakichanjwa wakiwa na umri wa miezi minne hadi sita. Waliokuwa wametahiriwa wachanga bila dawa ya ganzi waliumia na kulia zaidi kwenye chanjo kuliko wale ambao hawakutahiriwa. Waliopakwa dawa ya ganzi kabla ya kutahiriwa hawakutaharuki kiasi hicho. Mtoto wa miezi minne hawezi kukusimulia lililompata, lakini mwili wake umeliweka. Nadhani wengi wenu mna mtoto anayeanza kutetemeka akiona koti jeupe tu.

Basi tumsaidieje huyu asiyesema? Ni lazima maumivu yapimwe, kama homa inavyopimwa, na anayeweza kuyapima ni yule aliye karibu na kitanda. Daktari wa upasuaji hupita asubuhi na wanafunzi wake, akatazama kidonda, akaondoka. Anayebaki saa nane za usiku ni muuguzi, na wewe.

Kwa mtoto wa miaka mitatu na kuendelea kuna kile kipimo cha nyuso sita, kuanzia uso unaocheka, wenye sifuri, hadi uso unaotoka machozi, wenye kumi. Kilianzwa mwaka 1981 katika wodi ya walioungua moto huko Tulsa, Oklahoma, na Donna Wong, muuguzi, na Connie Baker, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasaidia watoto wayazoee maisha ya hospitali. Waliona watoto wenye majeraha makubwa wakishindwa kujibu maswali ya tarakimu, wakawapa kalamu wachore. Kipimo hicho sasa kinatumika duniani kote, na hata kwenye karatasi ya daftari unaweza kukichora. Ila uangalie unavyouliza. Ukisema tu, "Chagua uso," mtoto anaweza kuchagua wenye machozi kwa sababu amemkumbuka bibi yake. Mwambie kwamba nyuso hizi ni za kidonda: "Kidonda chako kinauma kama huyu, au kama huyu?" Tena tumia neno la nyumbani kwenu. Kuna watoto ambao kwao kuuma ni kwa meno ya mbwa tu. Kidonda kwao "kinachoma" au "kinavuta".

Kwa mdogo zaidi, au yule aliyefunga mdomo, muuguzi hutazama mambo matano: uso, miguu, mwili, kilio, na kama anatulizika akibebwa au akiongeleshwa. Kila jambo hupewa sifuri, moja au mbili, kisha zinajumlishwa. Juu kabisa ni kumi. Kipimo hiki kilitolewa mwaka 1997 kutoka Chuo Kikuu cha Michigan, na kilitengenezwa hasa kwa watoto wadogo waliotoka kwenye chumba cha upasuaji. Sasa mrudie mtoto wa barua yetu, pale alfajiri. Kwenye kilio, kweli, angepata sifuri. Lakini mwili uliokakamaa una alama mbili peke yake. Miguu iliyokazwa ina alama yake. Uso uliojitenga usiojali lolote una alama yake. Alikuwa bado anaumwa. Alichomaliza ni nguvu za kulia.

Yapo mengi ambayo wodi inaweza kufanya bila fedha za kigeni. Huko Örebro, Sweden, Daktari Narinder Rawal, mtaalamu wa usingizi, alieleza mwaka 1994 mpango wa gharama ndogo ambao nguzo yake ni muuguzi wa wodi. Maumivu ya kila mgonjwa aliyepasuliwa hupimwa kila baada ya saa tatu na kuandikwa kwenye chati, pamoja na joto na mapigo. Yakizidi tatu, muuguzi hutoa dawa ambayo daktari amekwisha kuiandika, bila kwenda kumgongea mtu mlango. Mtaalamu wa usingizi hubaki nyuma kama mshauri na mwalimu. Wengine wakauiga mpango huo. Tunaupenda kwa sababu unampa muuguzi ruhusa pamoja na wajibu. Muuguzi aliyeona alama saba na hana ruhusa ya kutoa chochote hadi asubuhi, afanye nini zaidi ya kumwambia mama kwamba mtoto atasahau?

Lakini hata dawa iliyoandikwa huweza kumkosa mtoto, kwa sababu ya maneno mawili madogo: "akilia, mpe." Maumivu yakishapanda ni vigumu kuyashusha, kama moto ulioachwa ukashika paa. Kwa siku mbili tatu za mwanzo dawa inafaa ifuate saa, siyo kilio. Hata nyumbani, usiku wa kwanza ni afadhali umwamshe mtoto kwa dozi yake kuliko kuamshwa naye saa tisa akipiga mayowe.

Dawa ya kwanza ni ile mnayoijua nyote, parasetamoli. Wengi wetu huipimia kwa umri au kwa kijiko cha chai kilichopo kabatini, na hapo ndipo tunapokosea, mara kwa kupunja, mara kwa kuzidisha. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake: miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku moja. Mathalani, mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 180. Kama chupa yako imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5, hizo ni mililita 7.5, na utazipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ambalo duka la dawa watakuuzia kwa bei ndogo. Soma chupa yako, kwa maana zinatofautiana. Usimchanganyie na dawa ya mafua ambayo ndani yake mna parasetamoli hiyo hiyo, maana ikizidi huharibu ini. Mtoto aliyekonda sana, mwenye ugonjwa wa ini, au aliye chini ya miezi mitatu, dozi yake aiseme daktari.

Ya pili ni ibuprofeni. Hiyo inasaidia sana pale penye uvimbe, na inaweza kutolewa pamoja na parasetamoli, lakini muulize kwanza aliyempasua mtoto. Na usimpe anayetapika au aliyeishiwa maji mwilini, kwa ajili ya figo. Aspirini si ya watoto.

Halafu kuna mofini, na hapa tunajua baadhi yenu mmeshtuka. Jina hilo linatisha, hata wauguzi linawatisha. Mtoto aliyefunguliwa tumbo au aliyeunganishwa mfupa mara nyingi hawezi kutulia kwa parasetamoli peke yake, na mofini kidogo kwa siku chache, chini ya uangalizi, haimgeuzi kuwa mlevi wa dawa. Hatari ya kweli ni kwamba ikizidi hupunguza pumzi. Ndiyo maana muuguzi anayeitoa huhesabu pumzi za mtoto na kuangalia kama anaamka anapoguswa. Usingizi mzito usio wa kawaida hutangulia, na ipo dawa ya kuizima mofini ikihitajika. Kazi hiyo muuguzi aliyefundishwa anaiweza. Jirani zetu wa Uganda walilithibitisha mapema: mwaka 2004 walibadilisha kanuni zao ili wauguzi na waganga wasaidizi waliosomea tiba shufaa waruhusiwe kuandika mofini ya kunywa. Wao waliifanya kwa ajili ya wagonjwa wa saratani na UKIMWI, si kwa ajili ya upasuaji, lakini dawa ni ile ile, na mikono ni ile ile ya muuguzi.

Dawa moja tunakuomba uikumbuke kwa jina, hasa wewe mama wa barua yetu: kodeini. Zamani watoto wengi waliotolewa tonsili walipewa hiyo, ikidhaniwa kwamba ni laini. Kumbe mwili huigeuza kodeini kuwa mofini, na kuna watu ambao miili yao huigeuza upesi na kwa wingi mno; kwa Waethiopia, kwa mfano, watu wa namna hiyo ni wengi kuliko kwa Wazungu. Baadhi ya watoto walikufa usingizini nyumbani kwao, baada ya dozi ya kawaida. Mwaka 2013 Marekani ilikataza kodeini kwa watoto waliotolewa tonsili, na mwaka 2017 ikaikataza kwa wote walio chini ya miaka 12. Ukipewa, irudishe kwa heshima na uombe nyingine.

Na wewe mwenyewe ni dawa pia. Hatusemi hivyo kukufurahisha. Mtoto mchanga anayenyonya wakati anachomwa sindano huumia kidogo kuliko aliyelazwa peke yake mezani; hilo limepimwa mara nyingi. Mkubwa kidogo hadithi humsaidia, wimbo humsaidia, kupuliza mapovu ya sabuni wakati wa kubadilishiwa bandeji humsaidia. Ila usimdanganye. Ukimwambia haiumi kisha ikauma, kesho hatakuamini hata ukimwambia uji umepoa.

Tunarudi kwenye swali la pili, la kuwa mama msumbufu. Kuna namna ya kuomba. Muuguzi aliyechoka akisikia, "Hamumhudumii mwanangu!" atajitetea. Lakini jaribu hivi: "Sista, shikamoo na pole na kazi. Naomba uje umtazame mwanangu. Miguu ameikaza, hataki kuguswa, na dawa yake ya mwisho ilikuwa saa mbili usiku. Ameandikiwa nini kingine?" Hapo umempa alichohitaji kuandika kwenye chati. Beba kijidaftari, andika saa ya kila dozi. Zamu zinabadilika, faili linapotea, wewe unabaki. Na kama jibu ni kwamba hajaandikiwa kitu, uliza kwa upole daktari wa zamu anapatikana wapi. Afadhali usiku mmoja uonekane msumbufu.

Upo wakati maumivu yenyewe ndiyo habari. Kidonda hupaswa kupoa kidogo kila siku. Kikianza kuuma zaidi siku ya tatu au ya nne, kikawa chekundu, cha moto, chenye usaha, usiyafunike maumivu hayo kwa dawa, mrudishe. Tumbo likivimba na kuwa gumu, au akitapika kijani, mrudishe siku ile ile. Na mtoto aliyefungwa plasta gumu kwenye mkono au mguu, akilia kwa maumivu yanayopanda ingawa amepewa dawa, au vidole vikiuma vinaponyooshwa, vikafa ganzi au kubadilika rangi, usingoje kuche. Hapo saa chache zinaweza kuwa tofauti ya kiungo kilichopona na kiungo kilichopotea.

Sasa binti yetu wa tonsili. Mama, kabla ya siku yenyewe muulize mtaalamu wa usingizi atampa nini mtoto akiwa bado amelala, ili aamke dawa imekwisha kuanza kazi. Mwambie pia yaliyompata kaka yake, anahitaji kujua. Mpime mtoto uzito wiki ile na uuandike. Mfundishe zile nyuso sita mkiwa nyumbani, kwa kidole kilichojikwaa, si pale kitandani.

Baada ya hapo tegemea siku saba hadi kumi, wala usishangae ikiwa siku ya nne ni mbaya kuliko ya pili. Magamba ya kooni ndivyo yanavyofanya. Huenda akalalamika masikio: yanauma kwa sababu ya koo, njia ya fahamu ni moja. Mpe dawa nusu saa kabla ya kula, kisha maji, maziwa ya baridi, uji uliopoa, kidogo kidogo mchana kutwa, maana koo lililokauka huuma zaidi, naye akiumwa hatakunywa, na asipokunywa koo litakauka. Akitema damu mbichi, hata ikiwa kidogo, hata ikiwa siku ya saba na alikwisha kuanza kucheza, mpeleke hospitali saa ile ile.

Na yule kaka yake, ambaye sasa ana miaka mitano, mchukue mwende naye kumwona dada yake saa za kutazama wagonjwa, kama wodi inaruhusu watoto na kama mwenyewe anataka. Akikataa, usimlazimishe. Muulize tu anakumbuka nini.